Stara ya Mwimbaji wa Ayalandi

Katika vijiji vya Connemara, katika ile pwani ya magharibi ya Ayalandi ambako Atlantiki hupiga majabali usiku na mchana na ambako lugha ya Kiayalandi haikupata kukatika katika ndimi za watu, ilikuwa desturi, wala mpaka leo haijatoweka kabisa, kwamba mtu aliyejulikana kwa sauti yake alipoombwa kuimba mbele ya jirani waliokusanyika jikoni, alikataa kwanza, akaombwa tena, akakataa tena kwa adabu, na mwisho, alipoona hana hila, alivuta kofia ikafunika macho yake au akageuza uso ukutani, na kutoka katika maficho hayo akaanza kuimba peke yake, pasi na ala ya kumsindikiza, wimbo wa mapenzi yaliyoharibika au wa kijana aliyezama. Jirani aliyekaa ubavuni alimshika mkono, akauzungusha taratibu kwa kufuata mwendo wa beti. Wengine walimtia nguvu kwa maneno mafupi ya sifa na dua. Hata alipofika mwisho hakupaza sauti ya kuomba makofi. Maneno ya mwisho aliyasema tu, kwa sauti ya mazungumzo ya kila siku, kisha akainua kofia na baraza likaendelea.

Nimekuwa nikiikumbuka desturi hiyo kila mwaka ukaribiapo tarehe 17 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Patrick, wakati ambapo watu wa nchi nyingi, wengi wao wasiokuwa na tone la damu ya Kiayalandi, hupeana kwa simu na kompyuta majina ya nyimbo za Ayalandi wazipendazo. Na ni nadra wimbo kupita mikononi mwao bila ya kufuatana na habari za talaka ya mpelekaji, maradhi ya mama yake, ulevi wa baba yake na deni lake mwenyewe, vyote vikianikwa mbele ya umma asioujua kwa sura wala kwa majina. Siwacheki, kwa sababu muziki hufungua kifua, na kifua kilichofunguka hakichagui cha kutoa. Lakini wapo wawalaumuo kwa kudai kwamba watu wa zamani walikuwa na haya, walijua kunyamaza, na kwamba kumwaga siri ni maradhi ya zama hizi. Tarikhi ya nyimbo hizi hizi yakanusha dai hilo. Waliozitunga walimwaga zaidi ya tumwagavyo sisi. Ila walijua wanamwaga mbele ya nani, wakati gani na kwa kanuni zipi, na stara yao haikuwa katika uchache wa maneno, ilikuwa katika hadhira.

Ushahidi mkubwa ni mbolezi. Kwa karne nyingi, alipokufa mtu katika Ayalandi, maiti ilioshwa, ikalazwa nyumbani, na jirani wakakesha nayo usiku mmoja au miwili, wakipewa tumbaku, ugoro na wiski. Na katika mkesha huo waliingia wanawake wa kuomboleza, wengine jamaa wa marehemu na wengine wa kukodiwa, waliolipwa fedha kidogo, kinywaji na tumbaku. Kiongozi wao alisimama kichwani pa maiti, akamwita marehemu kwa jina na kwa maneno ya mahaba, akataja nasaba yake, nyumba yake, ukarimu wake, akamlaumu kwa kuwaacha walio hai. Kisha wote wakapokea kwa kilio kisicho na maneno, kikapanda na kushuka, kikatulia, na mbolezi ikaanza upya. Ndani ya kanuni hiyo mwanamke aliweza kusema jambo ambalo siku nyingine yoyote lisingesemeka: kwamba mume aliyelala pale alimpiga, kwamba mkwe alikuwa bahili, kwamba aliyemwua anajulikana na jina lake ni hili. Na aliyeguswa alikuwa na njia moja tu ya kujibu iliyokubaliwa na wote, nayo ni kutunga ubeti wake papo hapo.

Mbolezi iliyo mashuhuri kuliko zote ni ile ya Eibhlín Dubh Ní Chonaill, aliyomlilia mumewe, Art Ó Laoghaire, na inafaa kuisimamia kidogo. Art alikuwa kijana Mkatoliki aliyetumikia jeshi la wapanda farasi la Malkia Maria Theresa huko Ulaya ya kati, akarudi kwao katika jimbo la Cork na upanga wake, majivuno yake na farasi wake mzuri, katika nchi ambayo sheria za wakati ule zilimkataza Mkatoliki kumiliki farasi wa thamani inayozidi pauni 5. Hasimu wake, hakimu Abraham Morris, inasimuliwa kwamba alimtaka amwuzie farasi huyo kwa pauni hizo 5. Art akakataa, akatangazwa kuwa mhalifu, na tarehe 4 Mei 1773, huko Carraig an Ime, akapigwa risasi akafa, naye ni kijana wa miaka 26. Farasi alirudi nyumbani peke yake, hatamu zikiburuta. Mke akamrukia mgongoni akaenda mbio mpaka alipoikuta maiti kando ya kichaka, na mbolezi yenyewe yasema kwamba hakungoja kufuta damu, aliichota kwa viganja akainywa.

Hayo ndiyo yanayokumbukwa na wengi. Mimi huvutwa zaidi na sehemu nyingine ya mbolezi hiyo, ambapo dada wa marehemu awasili kutoka mjini Cork, akamkuta mjane hayumo katika mkesha, na badala ya kwenda kumsema pembeni akamsuta mbele ya maiti na mbele ya watu wote, kwa beti, kwamba mke mwema asingekwenda kulala usiku kama ule. Na mjane akajibu, kwa beti vilevile, kwamba hakwenda kulala, alikwenda kuwabembeleza watoto waliokuwa hawapati usingizi. Ugomvi wa mawifi, ukizungumzwa katika hali ya msiba, kwa vina, hadharani! Hakuna mtu wa leo aliyeanika mambo ya nyumba yake kupita hapo. Na tungo hiyo haikuandikwa na Eibhlín. Iliishi vinywani mwa watu, hasa kwa mwombolezaji wa kazi aliyeitwa Nóra Ní Shíndile, aliyeighani ikanakiliwa mnamo mwaka 1800, na haikupigwa chapa mpaka mwaka 1892. Kwa zaidi ya miaka mia moja, basi, siri ya wifi na wifi ilijulikana na kila mtu wa upande ule na haikujulikana na mtu yeyote mwingine.

Maaskofu hawakuipenda mbolezi. Baraza zao za karne ya 17 na ya 18 ziliikataza mara kwa mara, na kukatazwa mara kwa mara ni dalili kwamba katazo halikusikizwa; lakini kufikia mwisho wa karne ya 19 ilikuwa imebaki kwenye visiwa na ncha za magharibi tu. Mwandishi J. M. Synge aliikuta katika visiwa vya Aran na kuieleza katika kitabu chake cha mwaka 1907. Na mwaka 1951, mkusanyaji wa nyimbo Mmarekani Alan Lomax na Séamus Ennis, mpigaji wa zumari za mfuko ambaye nitamrudia, walipofika Donegal na mashine yao ya kurekodi, Cití Ní Ghallchóir wa Gweedore aliwaimbia mbolezi mbele ya kipaza sauti. Sauti ni nzuri mno, lakini maiti hakuna, wifi hakuna, na anayelaumiwa hakuna.

Kuvuliwa stara kulikuwa kumeanza zamani, na kwa nia njema. Mwezi Julai 1792 waungwana wa Belfast, kwa hofu kwamba muziki wa vinubi unakufa, waliwaalika wapigaji kutoka pande zote za nchi. Wakaja 10 wa Ayalandi na mmoja wa Wales, wengi wao vipofu, na kijana wa miaka 19, Edward Bunting, akawekwa kuandika kwa nota yote watakayopiga. Mzee kupita wote alikuwa Denis Hempson, aliyesemwa kuwa na miaka 97, kipofu tangu utotoni kwa ndui, na peke yake miongoni mwao aliyekuwa angali akizipiga nyuzi za chuma kwa kucha ndefu kama walivyofanya wahenga. Bunting asimulia kwamba ilikuwa kazi ngumu sana kumfanya Hempson apige vipande vya kale kabisa. Mzee aliona hapana faida kuvipiga mahali pasipo mtu wa kuvielewa, hata kati ya wapigaji wenziwe, na kwamba kuvipiga kulimtia uchungu wa kumbukumbu. Kukataa huko ni kule kule kwa mwimbaji wa Connemara, ila safari hii hakukuwa na jirani wa kumshika mkono. Palikuwa na kalamu. Kinubi chake, kilichochongwa mwaka 1702, leo kimo katika nyumba ya maonyesho ya watengenezaji wa bia ya Guinness, ambako sijui angesema nini angekiona.

Bunting alichapisha kitabu chake cha kwanza katika miaka hiyo, na mashairi ya lugha ya Kiayalandi hayakuwamo. Kutoka humo Thomas Moore, mshairi wa Dublin aliyependwa na mabibi wa London, alichukua mahadhi mengi akayavika maneno ya Kiingereza, na tangu mwaka 1808 mpaka 1834 akatoa mafungu kumi ya nyimbo zilizoimbwa katika kumbi za wakubwa kwa piano, na mchapaji akamlipa pauni 500 kwa mwaka. Bunting aliona uchungu, na si kwa fedha tu: aliona mahadhi yake yamenyoshwa, yamekatwa na kulainishwa. Yaliyokuwa malalamiko ya mtu fulani kwa mtu fulani yakawa huzuni ya jumla ya taifa, iliyo tamu, isiyo na anwani, inayoweza kuliliwa na Mwingereza yeyote baada ya chakula cha usiku bila ya kuona kwamba analaumiwa.

Bunting mwenyewe hakuwa mtu wa kudharau maneno. Mwaka 1802 alimtuma mwalimu Patrick Lynch kwenda Connacht kukusanya mashairi, na Lynch akatembea kwa miguu nyumba hata nyumba, akiwafurahisha wenyeji kwa mazungumzo na kinywaji ili wapate kumtajia beti. Mwaka uliofuata huyo huyo Lynch alikamatwa, akalazimishwa kutoa ushahidi dhidi ya rafiki yake Thomas Russell, mmoja wa viongozi wa harakati za uhuru, aliyenyongwa Downpatrick mwezi Oktoba 1803. Mtu aliyejua kuwafanya watu waseme alifanywa aseme. Naitaja habari hii kwa kuwa wakusanyaji wa nyimbo mara nyingi huelezwa kama malaika, na hali wenyeji walikuwa na sababu za kutazama mara mbili mgeni aingiaye na daftari.

Kisha ikaja njaa ya viazi, kuanzia mwaka 1845, iliyoua watu wapatao milioni moja na kuwahamisha wengine zaidi ya milioni, na nyumba ambazo nyimbo zilikaa ndani yake zikabaki mahame. Waliokwenda Amerika waliandika barua, na barua kutoka Amerika haikuwa ya mtu mmoja: ilifunguliwa jikoni, ikasomwa kwa sauti na yeyote aliyejua kusoma, majirani wakiwa wameketi wamesikiliza; na mwandishi, huko New York au Boston, alijua hivyo tangu alipochovya kalamu. Akamsalimu kila mmoja kwa jina, akatia fedha, akasifu hali yake zaidi ya ilivyostahili, na lililokuwa la mama peke yake akaliandika katika karatasi ndogo ya pembeni. Napenda sana hiyo karatasi ya pembeni.

Ughaibuni huko ndiko ulikozaliwa muziki wa namna ya pili, ambao si wa Ayalandi ila wahusu Ayalandi, na ambao ndio hasa unaojulikana duniani. Wimbo wa macho ya Kiayalandi yanayotabasamu ulitungwa mwaka 1912 na Wamarekani kwa ajili ya majukwaa ya Marekani. «Danny Boy», ambao wengi wetu Afrika ya Mashariki tuliusikia kwanza redioni kwa sauti ya Jim Reeves, una maneno ya wakili Mwingereza, Frederic Weatherly, aliyoyaoanisha mwaka 1913 na mahadhi aliyopelekewa na shemeji yake kutoka Amerika. Na mahadhi yenyewe yalikuwa yamechapishwa mwaka 1855 na George Petrie, aliyeyapata kwa bibi Jane Ross wa Limavady bila ya jina la wimbo wala la mtungaji. Yatazame maneno hayo: hayasemi anayeaga ni nani, mama, baba au mpenzi, hayasemi kijana anakwenda wapi wala kwa nini. Mbolezi ya Eibhlín ina farasi, ina kichaka, ina jina la adui. Huu hauna hata kimoja, na ndiyo sababu wafaa kuzikia mtu yeyote, wa Derry au wa Chicago. Simaanishi kwamba ni wimbo mbaya. Mahadhi yake ni ya kumliza jiwe. Namaanisha kwamba wimbo usio na mwenyewe ni nyumba tupu, na apitaye huingiza vyombo vyake. Mtu akiupeleka kwa watu na kuufuatisha habari za kifo cha baba yake, anajazia mahali ambapo mtungaji wa zamani angekuwa amekwisha kupajaza.

Katika Chicago alikuwapo mtu aliyetaka kuwarudishia watu vyombo vyao halisi. Francis O'Neill alizaliwa mwaka 1848 Tralibane, karibu na Bantry, akakimbilia baharini akiwa kijana wa miaka 16, akavunjikiwa na chombo katika Pasifiki, akaingia polisi ya Chicago mwaka 1873, akapigwa risasi na mwizi kabla hajamaliza mwezi kazini, na akapanda vyeo mpaka akawa mkuu wa polisi ya mji mzima tangu mwaka 1901 mpaka 1905. Alipiga filimbi, alikuwa na kumbukumbu ya ajabu, na hakujua kuandika nota. Basi akampata sajini James O'Neill, asiyekuwa ndugu yake ingawa jina ni moja, aliyezijua nota. Mkuu akimpigia au akimwimbia aliyoyasikia utotoni kwa mama yake, au aliyoyaokota jana kwa askari, mwashi na mfanyakazi wa reli kutoka majimbo yote ya Ayalandi, na sajini akiandika. Ilisemwa kwamba mpigaji hodari aliyewasili Chicago hakukosa kazi ya polisi. Mwaka 1903 kikatoka kitabu cha vipande 1,850, na mwaka 1907 kingine cha muziki wa dansi wa vipande 1,001, ambacho wapigaji wa Ayalandi mpaka leo hukiita Kitabu tu, na kila mmoja hujua ni kipi.

Lakini O'Neill aligundua jambo alilolalamikia katika maandiko yake: wapo wanamuziki waliobania. Mtu alikuwa na kipande alichokipata kwa mwalimu wake kijijini, akakipiga siku za heshima tu, na akimwona mkuu wa polisi ameinamisha sikio hugeukia kipande kingine. O'Neill aliuona huo kuwa uchoyo. Nami, kwa heshima zote, naona alikosea nusu. Uchoyo ulikuwapo, maana mpigaji aliishi kwa sifa ya kuwa na kitu wasichonacho wenzake. Lakini katika kipande kile kulikuwa na mwalimu, na kijiji, na ruhusa aliyopewa, na hakuona kwamba ruhusa hiyo ilivuka bahari ikafika mpaka kwenye mashine ya kupiga chapa.

Wengine walijitolea mapema. Patsy Touhey, mpigaji wa zumari za mfuko aliyetumbuiza katika majukwaa ya Amerika, alianza mwanzoni mwa karne ya 20 kuuza kwa posta silinda za nta alizozirekodi mwenyewe nyumbani. Na kwa kuwa hakuwa na njia ya kunakili, kila mnunuzi alipigiwa upya, silinda yake pekee. Hiyo ndiyo biashara ya muziki uliorekodiwa iliyonyenyekea kuliko zote nizijuazo: mtu mmoja chumbani, pembe ya mashine mbele yake, akimpigia mteja mmoja ambaye jina lake liko juu ya bahasha.

Santuri ilimaliza unyenyekevu huo. Michael Coleman, mpigaji fidla wa Killavil katika jimbo la Sligo, aliyehamia Amerika mwaka 1914, alirekodi New York kati ya mwaka 1921 na 1936 pande zipatazo 80, na santuri zake zilifungwa katika vifurushi na wahamiaji zikarudi Ayalandi pamoja na nguo na fedha. Vijana wa Kerry, wa Clare na wa Donegal wakakaa mbele ya gramafoni, wakarudisha sindano mara mia, wakajifunza upinde wa Coleman, na mtindo wa Sligo, ambao jirani wa Killavil waliutambua kama watambuavyo lafudhi, ukafunika mitindo ya majimbo mengine, hata wazee waliokuwa mabingwa wa upande wao wakaona haya kutoa fidla. Coleman hakufanya kosa lolote. Alipiga kama walivyopiga kwao. Ila kwao kukawa kila mahali, na alipofariki mwaka 1945 akiwa New York aliacha nchi ya nyumbani imebadilishwa naye kuliko alivyoweza kuona.

Serikali changa ya Dublin ikaongeza lake. Mwaka 1935 ilipitisha sheria ya majumba ya dansi, iliyotaka kibali kwa kila dansi la hadhara. Na mapadri na polisi wenye bidii wakaitumia hata dhidi ya ngoma za jikoni, ambazo sheria yenyewe haikuzitaja bayana. Muziki ukasukumwa kutoka jikoni, mahali pa watu wanaojuana, ukaingia ukumbini kwa watu waliolipa kiingilio. Na mwaka huo huo, ajabu ya serikali, ikaanzishwa Tume ya Mapokeo ya Ayalandi ili kuokoa yaliyokuwa yakifukuzwa. Watumishi wake walizunguka vijijini na mashine nzito ya silinda za nta; mzee akasema au akaimba, mtumishi akarudi kwake, akasikiliza na kuandika neno kwa neno, na kwa kuwa fedha zilikuwa chache na nta ilikuwa ghali, silinda ikakwanguliwa uso ili itumike tena. Sauti za mamia ya watu zilikwanguliwa hivyo, na unga wake ukafagiliwa. Wanachuoni wa leo husikitika sana, na wana haki. Lakini wako pia wazee, naamini, ambao wangeambiwa kwamba maneno yatakaa na sauti itaondoka, wangeona kwamba mpango huo ni wa adabu.

Séamus Ennis aliingia katika Tume mwaka 1942, akazunguka Connemara kwa baiskeli, na katika Glinsce akampata Colm Ó Caodháin, mkulima na mvuvi, aliyempa nyimbo na vipande zaidi ya 200. Shajara ya Ennis yaonyesha jinsi zilivyopatikana: hakukaa mezani akasubiri, alifanya kazi za shamba na kuingia mashuani pamoja na mwenyeji wake, na wimbo ukatoka pale ulipokumbukwa, katikati ya kazi, kisha usiku ukaandikwa. Alikuwa na kalamu kama Bunting, lakini alikuwa pia na mkono wa kushika mkono wa mwimbaji. Katika wakusanyaji wote, huyu ndiye ambaye mimi ningemfungulia mlango.

Baada ya vita ya pili ya dunia, maelfu ya vijana wa Ayalandi walikwenda London kujenga upya mji uliopigwa mabomu, wakalala vyumba vya kupanga visivyo na jiko la kukusanyikia, na muziki ukaingia katika baa za Camden na Kentish Town. Ndipo ulipoanza ule mkusanyiko wa wapigaji kuizunguka meza, ambao mgeni wa leo hudhani ni desturi ya miaka elfu. Una adabu zake: wapigaji huelekeana wao kwa wao na kuwapa wanywaji mgongo, na asiyekijua kipande hunyamaza. Mgongo huo ni ile kofia iliyovutwa machoni, ikiwa katika nguo nyingine. Sasa mtalii huinua simu juu ya mabega yao akapata nyuso, na kabla ya glasi kuisha yule binti aliyekosea katika kipande cha tatu amekwisha kuonekana Osaka.

Nikiulizwa ni muziki gani wa Ayalandi niupendao, jibu langu ni Johnny Doran. Alikuwa mpigaji wa zumari za mfuko wa jamaa ya wasafiri, walioishi katika magari ya kukokotwa na farasi na kupiga katika maonyesho na mashindano ya farasi, na mtindo wake wenda kwa kasi na bila ya kukata pumzi, sauti moja ikimiminikia nyingine. Mwaka 1947 mpigaji fidla John Kelly, aliyeihofia afya ya Doran, alishurutisha arekodiwe, na Kevin Danaher wa Tume akamrekodi Dublin kwenye sahani chache. Mwezi Januari uliofuata ukuta uliangukia gari alimokuwa akiishi, akapooza, na mwaka 1950 akafa. Sahani hizo ndizo zote tulizonazo. Hakusema ndani yake neno lolote juu ya mkewe, watoto wake, baridi ya gari lake au dharau aliyotendewa mabarabarani, na mambo hayo hatukosi kuyajua kwa njia nyingine; alipiga tu. Mtu akiniomba muziki huo humpelekea pamoja na jina la mpigaji na mwaka, basi. Habari zangu akizitaka, nyumba anaijua.